Jezi ya Mzee

Wadau, leo naomba tuzungumzie jezi. Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu: mshahara ukitoka lazima nipite Karume kuchambua mitumba, na humo nimeokota jezi za zamani ambazo Ulaya watu wangezigombania. Nazifua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, nikiwa nimezigeuza ndani nje. Sizinyongi wakati wa kukamua, sizianiki juani maana jua linapausha, na pasi haigusi namba. Namba nyingi zimebandikwa kwa moto, na moto huo huo ndio unaozibandua.

Lakini kuna jezi moja ilinishinda.

Ni ya marehemu mzee wangu. Nyekundu, ya pamba, namba 10 mgongoni imeshonwa na fundi cherehani kwa kitambaa cheupe. Aliivaa mwaka 1993, siku Simba walipofungwa 2-0 na Stella Abidjan hapa hapa Dar, baada ya kutoka sare 0-0 ugenini, na Kombe la CAF likaondoka. Aliisimulia mechi ile mpaka tukaikariri. Mzee alifariki mwaka 2024. Jezi ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, haijafuliwa tangu alipoivua. Ukisogeza pua kwenye kola, mzee yupo.

Nikajifanya mtaalamu. Wakusanyaji wengi wanasema jezi iliyochezewa mechi haifuliwi, tope na jasho ndiyo ushahidi wake. Jezi ya Maradona ya mechi dhidi ya Uingereza mwaka 1986 iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya paundi milioni 7, na kabla ya hapo ililinganishwa na picha za mechi ile ili kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Nikajiambia, hii ya mzee thamani yake ni jasho lake. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga kwa nguvu.

Mei 2025 Simba wakarudi fainali ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1993. Asubuhi ya mechi ya marudiano na RS Berkane kule Zanzibar, nikafungua mfuko ili niivae. Harufu ya kuvu ikanipokea. Vidoa vyeusi shingoni na kwapani. Unyevu wa masika nilikuwa nimeufungia humo humo, na jasho na mafuta ya mwili ndiyo chakula cha kuvu. Kile nilichokuwa nakilinda ndicho kilichokuwa kinaila jezi.

Nilikaa kitandani nimeishika. Kuifua ni kumfuta mzee, kuiacha ni kuiozesha. Mama, Yanga wa kutupwa, akaingia, akaitazama.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anaifua kila baada ya mechi. Lete beseni."

Tukaipiga brashi laini nje kwanza, kisha tukaiosha maji ya baridi, tukayabadilisha mara tatu. Yalitoka mekundu. Jiki hatukuthubutu. Tukailaza kivulini juu ya taulo, kwa sababu ukiitundika ikiwa imelowa mabega yanavutika. Mechi ikaisha 1-1 jezi bado mbichi, na kwa kuwa Berkane walishashinda 2-0 kwao, kombe likaenda Morocco. Ilipokauka niliinusa kola. Sabuni tu.

Siku hizi imekunjwa ndani ya shuka kuukuu la pamba, kabatini, mbali na jua. Kila baada ya muda naitoa ipate hewa. Madoa mawili ya kwapani yaligoma kutoka. Mama anataka tuyarudie, nimemwambia hayo tuyaache.

Mdau, kama nawe una nguo ya mtu wako umeifungia kwenye nailoni, ifungue leo.