Baiskeli ya Mhubiri Kati ya Busia na Tororo

Msafiri afikaye Busia hukuta miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Mpaka huu ni matunda ya uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902, walipoikata sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia upande ambao leo ni Kenya. Ardhi iligawanyika, lakini watu hawakugawanyika. Wateso wako huku na huku, na Wasamia vivyo hivyo.

Hapa ndipo lilipozaliwa jina la boda boda. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli waliwabeba wasafiri kutoka kizuizi hadi kizuizi, wakinadi: "Boda! Boda!" Leo pikipiki zimetamalaki, na tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili humhudumia msafiri mahali pamoja.

Mzee niliyefuatana naye hajaiacha baiskeli yake. Ni mhubiri asiye na mshahara. Kwenye keria amefunga mfuko wenye Biblia, kitabu cha nyimbo, shati moja na pampu. Askari wa mpakani wanamfahamu, hata hivyo hushuka na kuufungua mfuko kabla hajaambiwa. "Mwanangu," aliniambia, "anayehubiri kweli hapiti njia za panya."

Tulishika njia ya Tororo, na kitambo si kitambo ule mwamba mkubwa wa mji huo ukajitokeza mbele yetu. Vijijini mzee hulipwa mayai, mihogo au mtama. Shamba lake hulilima mkewe. Alikiri bila kuona haya kuwa lisingekuwapo jembe la mama huyo, pasingekuwa na mahubiri.

Kazi yake ina mizizi mirefu. Historia humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885 baada ya kuvuka nchi hizi. Lakini waliofika mlango kwa mlango walikuwa zaidi Waafrika wenyewe: walimu wa Kiganda mwanzoni mwa karne ya 20, kisha walokole wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilipopiga marufuku madhehebu mengi madogo, waumini wengi walisali kwa siri majumbani.

Tulipopumzika chini ya mwembe, mzee alinisimulia jambo linalomkaa moyoni. Zamani mama mmoja alimletea mtoto mwenye homa kali. Mzee akamwambia asiende hospitali, kwani maombi yatatosha. Usiku wa pili mtoto akafariki. Tororo imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu za Uganda zilizosumbuliwa mno na malaria, hata serikali ikaanza kunyunyiza dawa ya mbu majumbani mwishoni mwa mwaka 2014. "Mama yule bado huja ibadani," alisema. "Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu."

Tangu siku ile, kabla ya kufungua Biblia huuliza: "Nani ameacha mgonjwa nyumbani?" Alasiri ile mwanamke mmoja aliinua mkono. Mzee akafungua mfuko wake, akanikabidhi, akampakia mama na mwanawe kwenye keria, akaenda zake kituo cha afya. Sisi tulibaki tukiimba. Jua lilikuwa linatua aliporudi peke yake, jasho likimtiririka. Mtoto alikuwa amepimwa na kupewa dawa, na amelazwa hadi asubuhi. Mahubiri ya siku ile hayakuzidi dakika kumi.

Nilimkumbusha usemi wa wahenga kwamba jitihada haiondoi kudura. Akatabasamu. "Kudura ni ya Mungu, mwanangu. Baiskeli ni yangu."

Nasi tulio kambini na majumbani, tuombe kwa imani yetu, lakini mtoto akishikwa na homa tusingoje kupambazuke.