Bibie alitaka chakula cha Amerika ya Kati, nikampandisha Usangi!

Jamani, mapenzi yana gharama! Mwezi uliopita mchumba wangu, mtoto wa Kinondoni aliyekulia kwenye wali wa nazi, aliona kwenye televisheni familia moja ya El Salvador ikiendesha mgahawa wake. Baba anakanda unga, mama yuko jikoni, watoto wanahudumia meza. Akanigeukia: "Na mimi nataka unipeleke sehemu kama ile. Nimechoka na chipsi mayai."

Nikamuuliza, kwani walikuwa wanakula nini? Akasema kinaitwa pupusa. Ni kama chapati nene ya mahindi, ndani mna maharage na jibini. Pembeni parachichi na pilipili.

Mahindi, maharage, parachichi! Nikameza mate, halafu nikaona aibu. Maana, msomaji wangu, kwa miaka miwili ya uchumba wetu nilikuwa nimemficha bibie jambo moja: mimi ni Mpare wa makande. Mjini ukitamka hivyo umekwisha. Washkaji watakwambia Wapare wabahili, wanapika sufuria moja Jumapili wanaila mpaka Alhamisi. Basi nikawa nazuga, kila tunapoingia naagiza kuku wa kukaanga, hata mfuko ukilia.

Siku ile nikapiga moyo konde. "Jiandae," nikamwambia, "Ijumaa tunasafiri."

Basi la Arusha lilitushusha Mwanga alasiri. Tukapata gari dogo la kwenda Usangi, likaanza kupanda, kona juu ya kona. Chini tambarare, bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa linang'aa kama bati jipya. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyokuaga, na tulipofika Kighare bibie alikuwa keshachukua koti langu. Mlima Kindoroko, wenye zaidi ya mita 2,000, ulikuwa umejifunika ukungu. Huku chini ni migomba, kahawa na miparachichi.

Hoteli niliyompeleka haina hata kibao. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya watu, meza tatu na mabenchi. Baba mwenye nyumba anapasua kuni, mama ndiye mpishi, binti yao aliyemaliza kidato cha nne anahudumia. Sawasawa na ile ya kwenye televisheni!

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni makande."

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi wa mwaka. Nikauliza kwa sauti ya mjini: "Chipsi hamna?"

Mama akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe si mtoto wa hapo bondeni? Sura ya babu yako hiyo. Tangu lini ukawa mtu wa chipsi?"

Bibie akacheka mpaka akashika meza. Siri nje!

Sahani zikaja zikifuka moshi. Mahindi meupe yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda likatoka, maharage mekundu, nyanya na kitunguu kwa mbali. Juu vipande vya parachichi, pembeni pilipili na kikombe cha maziwa mgando. Mama alisema aliyaloweka usiku kucha, na maharage yakiwa magumu huwa anatia magadi kidogo yalainike. Bibie akadakia kwamba kule Amerika ya Kati nako huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu ili ganda liachie. Mama akasema, "Kumbe na wao wanajua kupika."

Na kweli wanajua, maana mahindi ni ya kwao. Yalianza kulimwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita. Maharage haya, pilipili na parachichi navyo asili yake ni Amerika. Columbus alivuka bahari mwaka 1492, Vasco da Gama akapita pwani yetu 1498, na katika karne zilizofuata mazao hayo yakaenea mpaka yakapanda milima ya Upare. Kwa hiyo niliyokuwa nayaonea aibu ni mapishi ya mabara mawili. Hata wenzetu wa El Salvador hawaoni haya. Mwaka 2005 bunge lao lilipitisha pupusa kuwa chakula cha taifa.

Bibie aliongeza sahani ya pili. Alipoimaliza akaniuliza taratibu, bila kucheka: "Kama makande tu ulinificha miaka miwili, kuna nini kingine?" Nikakosa la kujibu. Mimi nilidhani naficha chakula, kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu uongo.

Mama ndiye aliyeniokoa. Akagonga sufuria lake kwa mwiko, akasema: "Hili limesomesha watoto watatu. Sasa huyu wa mwisho anataka tununue kikaango cha chipsi." Binti akainamisha uso kama mimi.

"Chipsi weka," bibie akamwambia, "lakini sufuria la mama usilitoe. Wa chipsi watapita tu. Sisi tutarudi kwa ajili ya hili."

Wakati wa kulipa, bili ilikuwa chini ya nauli ya gari lililotupandisha. Nikaulizia chenji, mama akatuletea yote pamoja na maparachichi sita kwenye mfuko. "Ya mkwe," akasema. Hao ndio Wapare wabahili!

Usiku ule nilimweleza bibie mengine yote niliyokuwa nimeyaficha. Hayakuwa mengi, na hapa sitayaandika. Jumapili tukarudi mjini, na tangu hapo kila Jumamosi kwangu kunanukia makande. Washkaji wakija kucheka, bibie anawauliza kama wamewahi kula chakula cha Amerika ya Kati. Wanasema bado. Anawapakulia.