KUKIMBIA NA WENZAKO KATIKA NJIA ZA MADIBIRA

Ndugu msomaji, mara ya mwisho ulikimbia lini? Pengine ulikimbia ulipoona moto karibu na nyumba. Pengine ulikuwa unawahi gari la kwenda Mafinga. Pengine ulifukuza ng'ombe walioingia katika mpunga wako. Hizo zote ni mbio za shida. Leo nataka kukueleza habari za mbio za furaha. Ni mbio za polepole, pamoja na rafiki, katika njia za miguu. Hazina zawadi wala mshindi. Hazigharimu hata shilingi moja.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mpunga, na umri wangu umepita miaka 40. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, mimi na rafiki zangu sita hukimbia Jumamosi asubuhi hapa Madibira. Twende pamoja uione njia yetu.

MADIBIRA NI WAPI?

Madibira iko katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, karibu na mpaka wa Mkoa wa Iringa. Ukitoka Mafinga unaacha baridi na miti ya misonobari. Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Barabara inateremka mpaka tambarare ya Usangu. Huko ni chini zaidi, na jua ni kali.

Mto Ndembera nao unateremka kutoka nyanda za juu za Iringa. Hapa Madibira maji yake huingia katika mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Skimu hiyo ina karibu hekta 3,000 za mpunga. Wakulima wake ni Wasangu, Wahehe, Wabena na watu wengi waliotoka mikoa mingine.

Skimu ilijengwa kwa ajili ya mpunga. Lakini mtu anayependa kukimbia ataona jambo jingine. Kando ya mifereji kuna njia ndefu, zilizonyooka, zisizo na mawe mengi. Baada ya mashamba kuna njia za ng'ombe na za watafuta kuni. Njia hizo hupita katika miombo na kupanda vilima. Njia zote hizo zipo tayari. Hakuna aliyezijenga kwa ajili ya mbio.

NJIA YETU

Tunaanza saa 12 asubuhi, kabla jua halijachomoza. Mwezi wa Juni na Julai huwa kuna baridi wakati huo. Kwanza tunatembea. Tunasalimiana: "Kamwene!" Tunaulizana habari za watoto na za magunia yaliyouzwa. Mwili ukipata joto kidogo, tunaanza kukimbia.

Mwanzoni tunafuata tuta la mfereji. Ukungu unakaa juu ya maji. Vyura wananyamaza tunapokaribia, na tukipita wanaanza tena. Yangeyange weupe wanaruka kutoka majaruba yaliyovunwa. Harufu ya mabua ya mpunga iko kila mahali. Mashamba hayo tunayajua sana. Tumeinama humo tukipandikiza, na tumesimama humo tukifukuza kweleakwelea. Lakini mtu anayeinama huona miguu yake tu. Anayekimbia na kichwa juu huliona shamba lote, toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo hujua kwamba mahali pake ni pazuri.

Kisha tunaacha mfereji na kuingia porini. Njia inakuwa nyembamba. Tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu. Wa mbele anapiga kelele: "Mzizi!" "Shimo!" Kila mmoja analirudia neno hilo mpaka limfikie wa mwisho. Hapo maneno mengine hupungua. Unasikia pumzi za wenzako na miguu yao tu. Ukiwa na jambo zito moyoni, huanza kuwa jepesi.

Kilimani hatukimbii. Tunatembea, mikono magotini. Juu tunapumzika na kutazama jua likipanda juu ya Usangu. Kurudi ni mteremko, na hapo watu wazima wanacheka kama watoto. Mama mmoja wa kundi letu alisema, "Tangu niolewe nilikuwa nakimbiza kuku tu. Leo nakimbia mwenyewe." Nyumbani tunakunywa togwa, kisha kila mtu anakwenda kwenye kazi zake. Mambo yote hayo huchukua saa moja na nusu.

MBIO SI JAMBO GENI KWETU

Pengine utasema kwamba hayo ni mambo ya mjini. Sivyo. Nani hakukimbia mchakamchaka shuleni? Tulikimbia alfajiri huku tukiimba, na wimbo ndio uliotubeba. Hata vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hukimbia hivyo.

Nchi yetu pia imetoa wakimbiaji wakubwa. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia huko Tokyo, Japani. Alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Yeye na mshindi wa pili walifika karibu pamoja, hata ikabidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane.

Tunawaheshimu sana. Lakini wao walikimbia ili kumpita mwenzao. Sisi tunakimbia ili kuwa na mwenzetu. Hizo ni mbio mbili tofauti.

SHERIA NI MOJA TU

Kundi letu lina sheria moja: mwendo ni wa mtu wa nyuma. Mwenye nguvu akifika kwenye njia panda, anasimama. Anamngoja wa mwisho. Tena haanzi kukimbia mara tu wa mwisho anapofika, maana huyo naye anataka kupumua.

Sheria hiyo ni ngumu kuliko kilima. Kijana mwenye mapafu mazuri anatamani kwenda. Lakini akienda peke yake, wa nyuma atakata tamaa, na Jumamosi ijayo hatakuja. Baadaye atakosekana mwingine. Mwisho kijana atabaki peke yake.

Sisi wakulima wa mfereji tunaifahamu habari hii. Wa juu akifungulia maji yote, wa mkiani anakosa, na mpunga wake unakauka. Hata mito ni hivyo. Maji ya Ndembera huingia Ihefu, kisha hutoka kwenda Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika hifadhi, kwa kuwa huku juu maji yanatumika mengi. Katika kundi letu wamo watu wa juu ya mfereji na watu wa mkiani. Yumo pia mfugaji. Wamewahi kugombana kwa sababu ya maji. Mbio hazikuyamaliza magomvi hayo. Lakini mtu uliyemngoja kilimani, akapumua kando yako, si rahisi kumkatia maji usiku. Ukimkuta mferejini, mtaanza kwa salamu.

UNATAKA KUANZA?

Watu huniuliza, "Bwana shamba, jembe halitoshi?" Kweli, anayelima kwa jembe anautumia mwili wake vya kutosha. Lakini siku hizi pawatila zinalima na mashine zinavuna. Baada ya kuuza mpunga, wengi hukaa tu, na wengine hukaa kilabuni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Kwa hiyo fuata mambo haya:

1. Tafuta wenzako wawili au watatu. Usiende peke yako porini.

2. Waambieni jirani na mwenyekiti wa kitongoji. Kijijini, watu wazima wakikimbia, watu hudhani kuna msiba au moto.

3. Anza kwa kutembea. Kimbia kidogo, tembea kidogo. Kama huwezi kuzungumza unapokimbia, punguza mwendo. Mwenda pole hajikwai.

4. Vaa raba kama unazo. Kama huna, vaa viatu visivyovuka mguuni. Tazama chini, maana kuna miiba na nyoka.

5. Usioge wala kunawa miguu mferejini. Katika maji hayo unaweza kupata kichocho. Chukua maji ya kunywa yaliyochemshwa.

6. Msikanyage miche wala kubomoa matuta. Mkiona tuta limetoboka, mwambieni mwenye shamba.

7. Msielekee kwenye mpaka wa Hifadhi ya Ruaha. Tembo hana habari na mazoezi yenu.

8. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari aende kwanza zahanati akaulize.

Ndugu msomaji, si lazima uwe Madibira. Kila kijiji kina njia yake ya kisimani, ya shambani au ya mlimani. Unaipita kila siku ukiwa na mzigo kichwani. Jumamosi moja, ipite bila mzigo. Mchukue rafiki yako, na kama kuna jirani mliyenuniana, mwalike naye. Mkifika njia panda, simameni mumngoje wa nyuma.