"Hai fratelli?"

Jioni tunakutana chini ya turubai kujifunza Kiitaliano. Tuko tisa. Wawili kati yetu wameomba nafasi ya chuo Italia, sisi wengine tunawasindikiza tu, maana lugha haiozi.

Wiki hii tulifika kwenye kuuliziana familia. Mwanzoni tulifurahi sana. Waitaliano wanauliza "Come stanno i tuoi?", yaani "Hawajambo wako?" Wako nani? Hawasemi, lakini kila mtu anajua ni wazazi, watu wa nyumbani. Na mkiagana: "Salutami i tuoi", nisalimie wako. Tukasema hawa ni watu wetu kabisa!

Tukacheka tena kwenye ukoo. Mjomba ni zio, baba mdogo naye zio, baba mkubwa zio huyohuyo. Nipote ni mjukuu, na mpwa pia ni nipote. Sasa urithi wanagawana vipi hawa?

Halafu tukaanza kuulizana wawili wawili: "Hai fratelli?" Una ndugu? Ukiwa nao unasema "ho", nina. Kama ulikuwa nao ni "avevo". Dada mmoja akanyamaza. Tukadhani amesahau neno, tukamnong'oneza. Kumbe maneno yote mawili anayajua. Kaka yake walipotezana njiani wakikimbia, mpaka leo hakuna habari. Akasema, "Nikisema avevo, nitakuwa nimemzika mimi. Nikisema ho, wataniuliza yuko wapi."

Hakuna aliyecheka tena. Kwa Kiswahili tumezoea kujificha kwenye "nzuri": habari za nyumbani, nzuri, hata kama nyumba yenyewe iliungua. Fomu hazina "nzuri". Ndugu zetu mnaotuhoji ofisini, ile sehemu ya "idadi ya ndugu" ina nafasi ya namba moja tu. Mtu akikaa kimya hapo msimharakishe, hadanganyi.

Tulihangaika na kamusi ya simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Tukapata hii: "Ho un fratello, ma non ho sue notizie." Nina kaka, ila sina habari zake. Akairudia mara tatu, akaiandika nyuma ya daftari.

Jana yeye ndiye aliyeanza: "Come stanno i tuoi?" Tukamjibu wote kwa pamoja, "Tutti bene, grazie!", na mgao wa mwezi huu bado haujafika.