Hadithi ya Siku Zijazo

Zamani sisi walimu wa Ugogo tulidhani kwamba hadithi za mambo yasiyokuwapo ni uongo mtupu. Mwanafunzi mmoja alitunga habari za chombo kilichoteka maji katika mawingu yapitayo juu ya Dodoma bila kunyesha. Tukamwandikia kosa kwa wino mwekundu, naye hakutunga tena.

Baadaye tulipata habari za Bwana Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, Uganda. Huyu hutunga hadithi zinazochanganya ngano za wazee na mitambo ya siku zijazo. Mwaka 2014 kilitoka kitabu chake A Killing in the Sun, na mwaka 2023 Where Rivers Go to Die. Tena hutengeneza filamu: The Felistas Fable, ya mwaka 2013, yasimulia habari za mwanamke aliyelaaniwa kwa harufu mbaya. Wala hakujifikiria nafsi yake tu, bali alianzisha gazeti la Lawino akawa mhariri wake, na watungaji wengine wakapata mahali pa kutoa kazi zao.

Hapo tulichomwa moyo. Yeye aliwafungulia wenzake mlango, sisi tuliufunga. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, wala hatuulizi jina la mpanzi yule. Kutunga si kudanganya.

Mwanafunzi wetu amekwisha kuwa mtu mzima. Tulimwendea tukamtaka radhi, akatusamehe. Lakini daftari lile alikwisha kulichoma. Basi, walimu wenzetu, isomeni hadithi ya mtoto mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu nyekundu.