Kompyuta Iliyozimika na Mzee Tuliyemdhulumu



Tunayaandika haya kwa aibu, lakini kosa lililotendwa hadharani haliponi kwa kufichwa.

Asubuhi ya siku ya 27 ya Ramadhani tuliingia katika ofisi ya msikiti wetu kuchapisha orodha ya kaya zinazostahiki Zakatul-fitri. Sisi ndiye katibu wa kamati, na majina yote ya wajane, mayatima na wazee wasio na wa kuwatazama yalikuwa ndani ya kompyuta moja ya mezani. Zaka hiyo ina wakati wake. Haki yake ni kuwafikia wenyewe kabla ya Sala ya Idi. Tulibonyeza kitufe. Taa haikuwaka, feni haikulia. Tukabonyeza tena na tena, kana kwamba mashine huamshwa kwa hasira.

Sakafu ilikuwa na unyevu, kwani mzee anayeuhudumia msikiti alikuwa ametoka kupiga deki. Hapo hapo, mbele ya watu waliokuwa wakisoma Qur'ani barazani, tukamwambia: "Mzee wetu, maji yako yameiua kompyuta ya Waislamu." Aliinamisha kichwa, akachukua ndoo yake, akaondoka bila neno.

Baada ya Adhuhuri alikuja kijana wa mtaani aliyejifunza ufundi wa umeme. Hakuuliza nani kafanya nini. Alianza ukutani. Alichomeka taa katika soketi ileile, ikawaka. Akachukua waya wa umeme wa skrini, unaofanana na ule wa mashine, akaujaribu, kimya. Akatazama swichi ndogo ya nyuma, yenye alama ya mstari na duara. Ilikuwa upande wa mstari, yaani imewashwa. Akachomoa waya, akashikilia kitufe kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha akaurudisha, kimya. Kila hatua ilifuta shaka moja, naye hakuiruka hata moja.

Ndipo akachomoa tena waya na kufungua ubavu wa kasha. Ndani mlikuwa na vumbi kavu, wala hapakuwa na tone la maji. Na kwa kweli, kompyuta hukaa juu ya meza, na soketi iko ukutani juu ya kimo cha goti. Hayo tungeyaona sisi wenyewe asubuhi, lau tungetazama kabla ya kusema.

Mwisho alifika kwenye pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaotumiwa na sehemu za ndani. Aliitenga na mashine, akaipima peke yake kwa namna wanayoijua mafundi. Ikiwa nzima, feni yake huzunguka. Haikuzunguka, na alipoinusa ilitoa harufu ya kuungua. Alituonya kwamba kisanduku hicho asikifungue asiye fundi, kwa kuwa umeme wenye madhara huweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa. Akaazima nyingine kutoka kompyuta kuukuu ya madrasa. Kabla ya Alasiri mashine iliamka, na orodha ikatoka salama, jina kwa jina.

Furaha yetu ilikuwa fupi, kwani kilichobaki kilikuwa kizito kuliko kompyuta. Baada ya Sala ya Alasiri tulisimama mbele ya jamaa, tukakiri kwamba tumemdhulumu mzee, tukamwomba radhi. Alitushika mkono. "Mwanangu, nimekusamehe," alisema. "Lakini jana usiku umeme ulipokatika wakati wa Tarawehe, uliporudi niliiona taa ya ofisini ikiwaka kwa nguvu kupita kawaida. Ungeniuliza, ningekuambia."

Tulisoma miaka kadhaa katika chuo cha Kiislamu. Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat, inayotuamuru kuthibitisha habari kabla ya kuchukua hatua, tumewasomesha vijana mara nyingi. Kijana yule hakuitaja. Aliitenda, kwa taa na kwa waya. Sisi tuliyeihifadhi ndiye tuliyeiruka. Tena tulimhukumu shahidi pekee aliyekuwa na habari ya kweli.

Liko na kosa la pili. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inafundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Sisi tuliandika haki za mayatima mahali pamoja tu. Sasa nakala moja imo katika flashi aliyonayo imamu, nyingine imechapishwa na kufungiwa kabatini, na umeme ukatikapo kompyuta huchomolewa ukutani hadi utulie.

Wazazi wenzetu, majumbani nako runinga ikizimika hutajwa kwanza mtoto mtundu, na pesa zikipungua hutajwa kwanza msichana wa kazi. Tuanze ukutani. Tuulize kabla ya kutuhumu, na tukikosea mbele ya watu, tuombe radhi mbele ya watu haohao.

Allah atusamehe haraka za ndimi zetu, na amlipe mzee wetu kheri kwa subira yake. Amin.