Pete ilipotea uani, ardhi ikaganda

Koleo dogo la bustani lilipinda shingo kwa pigo la tatu. Baba alilitazama, akalinyoosha kwa goti, akapiga tena. Safari hii ncha iliteleza juu ya udongo kama kisu juu ya sahani, na mshiko wa plastiki ukapasuka mkononi mwake.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi 15 chini ya sifuri. Mwanawe wa miaka 13 alisimama kando, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, ameshika kifaa cha kutambua metali alichoazimwa na mzee jirani. Kifaa kilikuwa kimelia. Chini ya miguu yao kulikuwa na kitu, na pengine kitu hicho kilikuwa pete ya ndoa ya mama.

Pete hiyo ilipotea Oktoba. Mama alikuwa uani akikusanya majani makavu kwa reki. Baridi inapoanza, vidole husinyaa, na pete iliyobana wakati wa joto huanza kucheza. Alipovua glavu jioni, kidole kilikuwa kitupu. Walitafuta kwa tochi, wakatafuta tena kesho yake, kisha theluji ikaanguka na kufunika kila kitu.

Mama hakulia mbele ya watoto. Aliacha tu kuitaja. Lakini kijana aligundua kwamba mama yake akipigiwa simu ya video na bibi kutoka Voi, siku hizi alishika simu kwa mkono wa kushoto, ili mkono huo usionekane.

Ndiyo maana kijana alikwenda kubisha mlango wa jirani.

"Udongo ni udongo"

Baba alizaliwa Taita. Alikua akiona jembe, sururu na mtaimbo vikiegemea ukuta wa nyumba, na mjomba wake alikuwa mchimbaji wa vito upande wa Kasigau. Kwake yeye, hakukuwa na ardhi iliyoweza kumshinda mtu mwenye mikono miwili. Kijana alipomwambia kwamba mzee jirani anashauri wasubiri hadi Aprili, alicheka.

"Udongo ni udongo, mwanangu. Niletee koleo."

Ardhi ya Minnesota mwezi Januari si udongo aliouzoea. Maji yaliyomo katikati ya chembe za udongo huganda na kuzishikanisha, kama saruji inavyoshika kokoto. Kanuni za ujenzi za jimbo hilo hutaka misingi ya nyumba ishuke inchi 42 kwenda chini upande wa kusini, yaani zaidi ya mita moja, na inchi 60 upande wa kaskazini, ili baridi isiifikie na kuinua nyumba.

Barafu haizuii kifaa kufanya kazi. Sahani yake ya mviringo hutoa nguvu ya sumaku inayopenya ardhini, na ikikutana na metali, metali hiyo hujibu na kifaa hulia. Shida mbili huja baadaye. Kwanza, betri huisha haraka kwenye baridi na waya huwa mgumu kiasi cha kupasuka. Pili, pete ndogo ya dhahabu hulia karibu sawa na kipande cha karatasi ya aluminiamu au kile kishikio cha kufungulia kopo la soda. Anayetafuta dhahabu hana budi kufukua takataka.

Asubuhi hiyo walifukua takataka kwa bei ghali. Baada ya koleo kuvunjika, baba alitoa mtaimbo kwenye banda la gari. Alipiga kwa nusu saa. Vipande vya barafu viliruka hadi usoni mwa kijana, na shimo lilifika kina cha kikombe cha chai. Ndani yake mlikuwa na kizibo cha soda.

Baba aliinama kukiokota, akashindwa kunyooka mara moja. Alishika magoti, pumzi zikitoka kwa mkato, akasema anaona kizunguzungu. Ana presha, na anatumia dawa kila siku.

Mtoto wa miaka 13 hajui afanye nini baba yake anaposhika magoti kwenye theluji. Alimkimbilia mama.

Kifaa kinachofaa

Madaktari katika nchi za baridi huwaonya watu kila mwaka kuhusu kuondoa theluji kwa koleo, na onyo hilo linahusu pia kuchimba. Baridi hubana mishipa ya damu na presha hupanda. Kazi ya mikono huulazimisha moyo kwenda mbio, na mtu anayepiga kitu kigumu mara nyingi hubana pumzi bila kujua. Kwa mwenye presha au maradhi ya moyo, hayo yakikutana yanaweza kuleta mshtuko wa moyo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu si dalili za kupumzika kidogo kisha kuendelea. Ni za kuacha kazi na kutafuta msaada wa daktari.

Mama alimwingiza ndani, akamkalisha, akampima presha kwa kile kipimo cha nyumbani, kisha akampigia simu muuguzi wa zamu wa kliniki yao. Presha ilikuwa juu, kizunguzungu kilikuwa kimeisha. Walishauriwa waipime tena baada ya muda, wapige namba ya dharura kama dalili zingerudi, na baba asiuguse mtaimbo kabla ya kuonana na daktari wake.

Mzee jirani alifika alasiri na begi la turubai. Hakumcheka mtu. Alipanga vifaa vyake mezani na kumweleza kijana kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza kilikuwa bisibisi ndefu iliyofutuliwa ncha. Hiyo ni ya kupimia: ikizama kwa mkono, chimba, ikigoma, nenda kwingine. Cha pili kilikuwa kisu kipana cha kuchimbia, cha chuma kizito kilichopita kipande kimoja hadi ndani ya mshiko, chenye meno upande mmoja ya kukatia mizizi. Koleo la bati hupinda pale shingoni kwa sababu ndipo lilipounganishwa. Cha tatu kilikuwa sururu ndogo ya mkono mmoja, ya kuvunjia tabaka la juu pale barafu ilipo nyembamba. Kisha miwani ya kukinga macho, na glavu mbili, moja ya kuvaa na moja kavu ya akiba.

Mtaimbo haukuwamo. Ni wa kuvunjia mawe, alisema mzee, na ukiangukia juu ya pete utaikata. Zaidi ya hapo, chini ya ua hupita bomba la gesi na nyaya. Marekani kuna namba ya simu, 811, ambayo mtu huipiga siku chache kabla ya kuchimba ili waje kumwekea alama bure. Baba hakuwa ameipiga.

Alionya pia kuhusu ujanja wa kumwaga maji ya moto. Maji hayo huganda tena baada ya muda mfupi, na kesho yake mtu huteleza hapo na kuvunjika nyonga.

"Na mkikuta mahali palipolainika," alimalizia, "msikwangue-kwangue. Toeni bonge zima, mkaliyeyushe taratibu."

Bonge la udongo jikoni

Jumapili kijana alizunguka ua mzima na bisibisi. Kila mahali iligoma, isipokuwa kando ya ukuta wa nyumba, upande unaopigwa na jua. Joto huvuja kutoka ndani na ardhi hapo haigandi sana. Kifaa kililia palepale. Alikata kwa kisu, akatoa bonge kubwa kama mkate, akalibeba ndani kwa furaha na kulitia kwenye beseni la jikoni ili liyeyuke.

Mdogo wake, mwenye umri wa miezi 18, alikuwa sakafuni. Aliona matope yanadondoka, akayafuata kwa magoti, akayagusa, na kama wafanyavyo watoto wa umri huo, akapeleka kidole mdomoni.

Mama alimnyanyua kabla kidole hakijafika.

"Umelitoa wapi hili?"

"Ukutani, mama. Ndipo palipo laini."

Mama alizaliwa Mikindani, Mombasa, si mbali na kijiji cha Owino Uhuru. Huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto, hadi mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Neno risasi halikuwa geni kwake. Lilikuwa na sura za watoto aliowafahamu.

Nyumba yao ya mbao ilijengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Nyumba za kabla ya hapo zimepakwa rangi hiyo mara nyingi, na kwa miaka imebanduka na kuanguka chini, hasa kando ya ukuta. Udongo uliokuwa mwepesi kuchimbika ndio huenda ulikuwa na sumu kuliko wote uani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na risasi ileile aliyoimeza, na ubongo wake ndio unaojengwa. Huenda asionyeshe dalili yoyote. Baadaye darasani ndipo ugumu wa kujifunza na kutulia huonekana.

Beseni lilitoka nje. Sakafu ilipigwa deki kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio mkavu hupeperusha vumbi. Kijana alinawa mikono hadi kwenye viwiko, na buti zikapewa makazi mapya nje ya mlango. Wiki hiyo mama alimpeleka mdogo kliniki kupimwa damu. Majibu yalirudi chini ya mikrogramu 3.5 kwa desilita, kiwango ambacho Marekani hutumia kuchukua hatua. Alishusha pumzi, lakini buti hazikurudi ndani.

Bonge lilikaa kwenye ndoo bandani, juu ya gazeti kuukuu, likayeyuka kwa siku mbili. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya senti 10 ya mwaka 1943. Sarafu za aina hiyo zilizotengenezwa kabla ya 1965 zina fedha halisi asilimia 90. Kijana alifurahi kidogo. Haikuwa pete.

Aprili

Ni mzee jirani aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Pete imepotea lini? Oktoba. Basi mnachimba nini? Sarafu ya 1943 imekuwa na miaka mingi ya kuzama, majani yakioza juu yake na udongo ukijengeka. Pete ya miezi mitatu haijaenda popote. Imelala kwenye mizizi ya majani, juu kabisa, chini ya barafu tu. Na dhahabu haishiki kutu.

Baba alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kijana kama wana vijiti.

Walichomeka vijiti vyenye utepe mwekundu kwenye theluji, mahali ambapo kifaa kililia karibu na alipofanyia kazi mama. Kijana alichora ramani daftarini, kwa hatua kutoka kwenye uzio na kutoka kwenye mti, kwa kuwa vijiti vya kwenye theluji huanguka theluji ikiyeyuka. Baba alihesabu hatua kwa sauti. Ndiyo kazi pekee aliyoruhusiwa.

Katikati ya Aprili ardhi ililainika. Kijana alipita na kifaa akifuata ramani yake. Kijiti cha kwanza kilikuwa foili. Cha pili kilikuwa kishikio cha kopo. Cha tatu, aliinama, akatenganisha majani kwa vidole vya glavu, na hakuhitaji kisu wala sururu.

Baba aliichukua, akaiosha kwenye bomba la nje, akaivua matope yote kwa mswaki kuukuu kabla ya kuvuka kizingiti. Buti alikuwa amezivua tayari.

Jioni hiyo bibi alipiga simu kutoka Voi. Mama aliishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaupunga mbele ya kamera muda mrefu kuliko kawaida, hadi bibi akauliza kulikoni.